Kabla ya kulipia kipimo cha bakteria wa mji wa mimba, anzia ukeni

Mji wa mimba una bakteria wake, wachache mno kuliko wa ukeni, na wengi wao hupanda kutoka huko huko kupitia mlango wa kizazi. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba wanawake wa IVF (mimba inayotungwa maabara) ambao laktobasilasi, bakteria wazuri wa ukeni, walikuwa chini ya asilimia 90 ya bakteria wa mji wa mimba, walipata ujauzito mara chache kuliko wenzao. Ila wanawake wote wa utafiti huo walikuwa 35 tu. Tena mrija wa kuchukulia sampuli hupita ukeni. Ukigusa ukuta, majibu unayopewa ni ya uke. Pesa hiyo isubiri kwanza.

Acha kujisafisha ndani. Laktobasilasi hutengeneza asidi inayoshikilia pH ya uke (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) kati ya 3.8 na 4.5. Sabuni, siki, limau au shabu huwaondoa na kuchubua ukuta, kisha bakteria wabaya, Gardnerella na wenzake, wanahamia. Osha nje kwa maji, basi. Mtindi nao unywe tu: bakteria wake si wale wa ukeni.

Ukiona ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, usikimbilie dawa ya fangasi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fangasi huwasha, ute wake hufanana na maziwa yaliyoganda, na kwa kawaida haipandishi pH. Nunua karatasi ya pH inayosoma angalau 4 hadi 7. Pitisha kijiti cha pamba kwenye ukuta wa pembeni wa uke, usifike mlango wa kizazi kwa sababu ute wa huko una pH ya juu. Pakaza kwenye karatasi, linganisha rangi na kasha kabla haijakauka. Damu na shahawa hupandisha pH, kwa hiyo usipime ukiwa kwenye hedhi wala siku moja au mbili baada ya tendo.

Ikizidi 4.5, nenda kliniki ukaangaliwe kwa hadubini, maana trikomonasi, kimelea cha zinaa, nayo hupandisha pH. Ikithibitika ni vaginosisi ya bakteria, yaani Gardnerella na wenzake wamezidi ukeni, dozi ya kawaida ni metronidazoli miligramu 400 au 500, mara 2 kwa siku, siku 7. Shombo huisha mapema, mtu akaacha vidonge njiani, na tatizo likarudi.

Hata ukimaliza dozi, kurudi ni jambo la kawaida. Kama una mwenzi mmoja wa kudumu, muulize daktari kuhusu kumtibu naye. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa 2025, wanaume walimeza metronidazoli miligramu 400 mara 2 kwa siku na kupaka krimu ya klindamisini ya asilimia 2 kwenye uume, siku 7. Ndani ya wiki 12 tatizo lilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake; pale alipotibiwa mke peke yake, asilimia 63.

Mimba zikiharibika mara kwa mara, au IVF ikishindwa tena na tena, hapo ndipo pa kuchunguza mji wa mimba wenyewe. Omba kipande kidogo cha utando wake kipakwe rangi ya CD138, inayoonyesha seli za uvimbe sugu wa utando huo (si fibroidi wala saratani). Ukikutwa nao, mara nyingi huanzwa doksisaiklini miligramu 100, mara 2 kwa siku, siku 14, baada ya kuhakikisha huna mimba. Kwa Afrika Mashariki, kipande hicho hicho kipimwe pia kifua kikuu.