Fonti zipange kwa kazi unazofanya

Nadizaini kadi za michango na mabango hapa Kariakoo. Zamani kila fonti (mtindo wa herufi) niliyoipata niliimwaga kwenye Windows, mpaka orodha ya Photoshop ikawa haina mwisho. Siku hizi natumia FontBase, programu ya kupanga fonti, ambayo unaanza nayo bure.

Anza kwa kuzikusanya. Zangu zilitapakaa kwenye flashi, nyingine zilitumwa WhatsApp. Fungua zile za zip, kisha faili zote za fonti, yaani za .ttf na .otf, weka kwenye folda moja diski D, ili hata ukipiga Windows upya zibaki salama. Faili la leseni usilifute. Fonti nyingi za Google Fonts huja na OFL.txt, faili la leseni huria, na hizo unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi za biashara. Iliyoandikwa ni ya matumizi binafsi, usimfanyie nayo mteja.

Iburute folda hiyo uiachie ndani ya FontBase. Sasa tengeneza makundi. Mimi nina "Kadi za harusi", "Mabango" na "Risiti". Fonti moja inaweza kukaa makundi mawili. Washa kundi la kazi iliyo mezani tu ili fonti zake zionekane Photoshop, mengine yazime, na FontBase iache wazi muda wote unaodizaini.

Kabla fonti haijaingia kundi lolote, ipime. Pale pa kuandika maneno ya majaribio, mimi naandika: Ng'ombe 12,500/=. Fonti nyingi za mapambo zina herufi nzuri sana lakini hazina kile kialama cha ng', wala mkwaju wa bei. Nilijifunza hili kwa uchungu. Familia moja ya Kisukuma iliagiza kadi 200 za send-off, na jina la baba wa binti lilianza na Ng'. Kadi zilipotoka, katikati ya jina la mzee palikuwa na kiboksi kitupu. Nilizirudia zote kwa pesa yangu, na mama wa binti nilimwomba radhi ana kwa ana.

Kazi ikienda kwa mchapaji, hifadhi kwanza nakala yenye maandishi yanayoharirika. Kisha kwenye nakala ya pili geuza maandishi yawe michoro: CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Hiyo ya pili ndiyo unayomtumia.