Jinsi ya kujua mapema kama shimo la changarawe litakausha visima vyenu

Machimbo ya changarawe yakishafika chini ya usawa wa maji, mwenye machimbo anafunga pampu ili mashine zichimbe pakavu, na hapo ndo visima vya jirani vinaingia hatarini. Wengi wanauliza tu shimo liko mita ngapi kutoka kwao, ila swali kubwa zaidi ni kisima chako kinabaki na maji kiasi gani kiangazi kikikaza. Kisima cha kuchimba kwa mkono chenye mita moja ya maji kinakauka kwa mshuko ambao kisima kirefu cha jirani hakiusikii kabisa.

Kwa hiyo anza kupima KABLA pampu haijawashwa, hili nalisisitiza sana jamani, bila vipimo vya mwanzo hamtakuwa na cha kuonyesha baadaye. Funga nati nzito kwenye tepu, piga alama ya rangi ukingoni mwa kisima ili kila mara upimie palepale, pima alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, andika tarehe, kina hadi kwenye maji na kina hadi chini kabisa. Kila wiki ukiweza, na usikose mwisho wa kiangazi. Chagua pia kisima kimoja cha mbali sana na shimo, kazi yake utaiona.

Sasa hesabu. Pampu ikivuta, maji ya ardhini yanashuka kwa umbo la faneli, katikati ndo kina kikubwa. Kukadiria faneli inafika wapi, mainjinia wengi wanaanza na kanuni ya Sichardt: 3000 mara mita za kushusha maji mara kipeuo cha pili cha kasi ya udongo kupitisha maji (mita kwa sekunde). Mchanga wa kawaida ni kama 0.0001, changarawe safi 0.001 au zaidi. Mkishusha maji mita 5, kwenye mchanga unapata mita 150, kwenye changarawe karibu 475, ndo maana kubahatisha aina ya udongo ni hatari, dai jaribio la pampu la siku moja hadi tatu huku visima vya jirani vinapimwa. Na kanuni hii haihesabu muda wala mvua, pampu ikikaa miaka faneli inaweza kufika mbali zaidi, usiichukue kama mpaka wa usalama.

Mfano: shimo la mita 100 kwa 100, tabaka la chini lina maji ya unene wa mita 8, wanashusha hadi yabaki mita 3, udongo unapitisha 0.0005. Kanuni inatoa karibu mita 335 kutoka ukingoni, ongeza kama 55 za shimo lenyewe, faneli inafika kama mita 390 kutoka katikati ya shimo na pampu itatoa karibu lita 45 kwa sekunde. Kisima kilicho mita 200 kutoka katikati kinashuka kama mita 1.3, cha mita 300 karibu nusu mita. Mwenye mita 3 za maji kiangazi anabaki na 1.7, mwenye mita 1 pale mita 200 hana kitu, na hesabu hii hata haijagusa ukame.

Alafu angalia mazingira, mto uliopo karibu unaweza kulisha shimo na kuipunguza faneli upande ule, tabaka la mfinyanzi linaweza kukinga kisima kirefu kinachovuta maji chini yake, na kama mko pwani maji ya chumvi yanaweza kusogea ndani, basi pimeni chumvi pia. Uliza na maji ya pampu yanaenda wapi. Yakimwagwa mtoni yameshaondoka, yakielekezwa kwenye mtaro wa kunyonya kati ya shimo na visima sehemu yake inarudi ardhini. Kuna na njia ya kuchimba ndani ya maji bila kupampu, kwa changarawe inawezekana kabisa, na ndo ningeipigania kwanza.

Kwa Tanzania peleka vipimo kwa taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira (inayojulikana zaidi kama NEMC) wakati wa tathmini ya mazingira, na ofisi ya maji ya bonde lenu, mapema, sio baada ya ndoo kutoka tupu.

Pampu ikishaanza endelea kupima. Visima vya karibu vikishuka na kile cha mbali kikashuka sawa navyo, ukame unahusika. Cha mbali kikitulia na vya karibu vikazama, ombeni pampu isimame siku kadhaa huku mnapima kila asubuhi, maji yakianza kupanda mmeshapata jibu.