Betri ya gari la rimoti: NiMH (ya nikeli) au LiPo (ya lithiamu)?

Kabla ya kuuliza bei, soma maandishi kwenye kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Kikiwa cha 2S pekee, yaani LiPo ya seli mbili, usikiwekee 3S, ya seli tatu: volti zinapanda kutoka 7.4 hadi 11.1, na kifaa au mota huweza kuungua.

Mtoto au anayeanza anatosheka na NiMH ya seli 6, volti 7.2. Inavumilia kugongwa na kusahauliwa kabatini. Ubaya wake ni uzito, na kasi inayofifia kadiri chaji inavyopungua.

LiPo ni nyepesi na hushikilia nguvu karibu hadi mwisho, lakini inadai nidhamu. Seli iliyojaa hufika volti 4.2, ikishuka chini ya 3.0 huharibika, hivyo washa kinga ya LiPo kwenye kidhibiti, inayokata umeme kabla ya kufika hapo. Kama haipo, baki na NiMH. Tumia chaja inayosawazisha seli, na kamwe usiichaji LiPo kwa mpangilio wa NiMH: huweza kujazwa kupita kiasi na kuwaka moto. Betri yenye ujazo wa mAh 5000 ichajiwe kwa ampea 5, kwenye sakafu ya saruji, mtu akiwepo. Iliyovimba usiichaji tena. Ya kukaa wiki nzima bila kazi iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Namba ya C, inayoonyesha betri inaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani kwa mpigo, hutiwa chumvi mara nyingi, kwa hiyo nunua yenye ziada. Chagua ganda gumu, linganisha plagi, na pima kisanduku cha betri kwa rula kabla ya kulipa.