Kingamwili ya pili yenye rangi: ichague vizuri, ilinde na mwanga

Kingamwili ya kwanza hushika kile unachotafuta kwenye slaidi; ya pili, yenye rangi, huishika ya kwanza ili ionekane kwenye darubini. Vijana wanaokuja kujifunza maabara hapa Mtwara huanza kwa kuuliza rangi ipi inang'aa zaidi. Mimi nawarudisha nyuma: kingamwili yako ya kwanza imetoka kwa mnyama gani? Ikiwa ya panya, agiza ya pili ya mbuzi dhidi ya panya. Ikiwa ya sungura, dhidi ya sungura. Ukipima seramu ya mgonjwa, ya kwanza ni kingamwili zake mwenyewe, kwa hiyo unataka ya pili iliyo dhidi ya IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) ya binadamu. Na usiweke za kwanza mbili za panya kwenye slaidi moja ukitegemea kuzitofautisha kwa rangi. Ya pili itazishika zote.

Rangi ifuate vichujio vya darubini yako. FITC, mojawapo ya rangi hizo, hupokea mwanga wa bluu, karibu nanomita 490, na kutoa kijani, karibu 520.

Kipimo kitafute mwenyewe. Weka mikrolita 10 za kingamwili ya pili kwenye mikrolita 990 za bafa (kimiminika kinachodhibiti asidi), upate 1:100. Chukua nusu, ongeza bafa kiasi hichohicho, na uendelee hadi 1:800. Chagua pale slaidi chanya (unayojua ina unachotafuta) inapong'aa vizuri huku ile isiyowekwa ya kwanza ikibaki giza. Slaidi hiyo isiyo na ya kwanza isikosekane siku yoyote. Ikiwaka, kijani chako hakiaminiki, na mimi majibu ya siku hiyo siyatoi.

Kabla ya kupima, zungusha tyubu ya kingamwili ya pili kwenye sentrifuji ili chembe zilizogandana zishuke chini, kisha chota juu. Ziba nafasi tupu za slaidi kwa seramu ya kawaida ya mnyama aliyetoa ya pili.

Joto letu huku ni adui. Feni ikipuliza juu ya meza, tone hukauka pembeni kwanza, na ukingo wote huwaka kijani kama vile kuna ugonjwa. Laza slaidi ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, chini umetandika tishu zilizolowa, na boksi ulifunike kwa foili. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Osha kwa bafa mara tatu, dakika tano kila mara, ukiibadilisha.

Akiba igawe kwenye tyubu ndogo, andika tarehe, zifunge kwa foili. Kuweka kwenye friji au friza kunategemea karatasi ya mtengenezaji. Kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huiharibu. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia.