Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Kusomea Kihispania na Lugha za Iberia Uingereza: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Mombasa, aliye kidato cha nne au aliyekwisha kumaliza, anayetaka kusomea shahada ya Kihispania, au Kihispania pamoja na Kireno, katika chuo kikuu cha Uingereza. Nimeichagua Uingereza kwa sababu huko vyuo vingi humpokea mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma Kihispania hata siku moja, wakamwanzisha kwenye alfabeti, ilhali mwenye kuomba Uhispania kwenyewe hutarajiwa awe ameshaimudu lugha itakayotumika darasani. Shule zetu nyingi za pwani hazifundishi Kihispania, kwa hiyo mlango huu wa wanaoanza ndio ulio wazi kwetu.

Anza kwa kuchagua kozi, wala usiharakishe hapa. Shahada hii kwa kawaida huchukua miaka minne, na mwaka wa tatu mwanafunzi huumaliza katika nchi inayozungumza lugha anayoisomea. Soma kwa makini vitu vinavyofundishwa mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa Iberia si Kihispania peke yake. Ndani ya Uhispania kuna Kikatalani, Kigalisia na Kibaski, vyote vikitambuliwa kisheria katika majimbo yake, na Ureno nayo, pamoja na Kireno, iliitambua lugha ndogo ya Kimiranda mwaka 1999. Kigalisia na Kireno vilitoka tumbo moja. Kibaski hakina undugu unaojulikana na lugha yoyote ya jirani zake. Zipo idara zinazofundisha Kikatalani na zipo zisizokigusa, na mwanafunzi anayependa lugha kwa dhati ataiona tofauti hiyo mapema.

Jambo la kuangalia zaidi ni sharti la wanaoanza. Idara nyingi hutaka anayeanza Kihispania kutoka mwanzo akiambatanishe na lugha nyingine anayoijua tayari, au na somo jingine kama historia au sheria. Hapa mtoto wa Mombasa aliyefanya Kiarabu kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ana mtaji ambao mara nyingi hauoni. Baadhi ya vyuo hufundisha Kiarabu na Kihispania katika shahada moja, na muungano huo una mantiki yake, maana utawala wa Kiislamu katika rasi ya Iberia ulianza mwaka 711 na dola yake ya mwisho, Granada, haikuanguka hadi 1492.

Hatua ya pili ni kupima vyeti vyako bila kujidanganya. Vyuo vingi vya Uingereza havimwingizi mtu mwaka wa kwanza kwa KCSE pekee. Humtaka awe na A-level, yaani mtihani wa Uingereza wa mwisho wa sekondari, au asome kwanza mwaka wa msingi, ambao ni wa maandalizi, au awe amemaliza mwaka mmoja katika chuo kikuu cha hapa nyumbani. Iandikie ofisi ya udahili ya kila chuo, uwatajie masomo yako na alama zako moja moja, uwaulize watakupokea kwa njia gani, na ulihifadhi jibu lao. Ulizia pia kama alama yako ya Kiingereza inatosha au itakubidi ufanye mtihani wa IELTS.

Maombi yenyewe hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao UCAS. Unafungua akaunti, unajaza fomu moja, na fomu hiyo inapelekwa kwenye vyuo visivyozidi vitano, ambavyo haviambiwi umeomba wapi kwingine. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nasisitiza hili kwa sababu pwani majina yetu huandikwa kwa namna nyingi: cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, cha shule kinasema Othman, na jina la babu limo huku, kule halimo. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alipoteza wiki kadhaa kwa sababu ya herufi mbili tu. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja, au urekebishe cheti chenyewe, na ufanye hivyo kabla hujaanza kujaza fomu. Kwenye sehemu ya elimu orodhesha masomo yote uliyofanya na alama zake zote, hata zile ambazo ungependa zisionekane.

Sasa tufike kwenye maelezo binafsi, ambayo naamini ndiyo moyo wa maombi haya. Tangu kundi la wanaoanza masomo mwaka 2026, mwombaji hujibu maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na ni nini kingine ulichofanya nje ya darasa kikakuandaa. Majibu yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Vyuo vyote vitano vitasoma maneno hayo hayo, kwa hiyo usitaje chuo kwa jina.

Nimesoma rasimu nyingi za vijana wetu, na kosa linalojirudia ni lile la kuandika kwamba Kihispania kinazungumzwa na mamilioni ya watu na kina soko zuri la ajira. Ni kweli, lakini anayesoma maombi anayajua hayo, na hayamwambii lolote kuhusu wewe. Mwambie unachokiona wewe uliyekulia Mvita. Chukua neno letu ‘fulani’: Mhispania husema fulano, na sisi sote wawili tumelitoa kwenye Kiarabu. Chukua neno ‘hata’, kwa ile maana yake ya zamani tunaposema tangu asubuhi hata jioni: Kihispania kina hasta, chenye maana ya mpaka, kutoka neno hilo hilo la Kiarabu. Kisha geukia Kireno, utakuta meza ni mesa, bendera ni bandeira, na leso inayouzwa Biashara Street ni lenço. Neno gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Ndani ya Fort Jesus Wareno walikuwa na kanisa lao, na baadaye, kati ya 1895 na 1958, Waingereza waliifanya ngome hiyo hiyo kuwa jela. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa utulivu safari ya neno hilo moja amekwisha kuonyesha kwamba ana jicho la mwanaisimu na la mwanahistoria.

Kabla ya kuandika, nenda Fort Jesus ukiwa na daftari. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na watu wengi huishia kusema ni ya Wareno. Lakini tangu 1580 hadi 1640 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Uhispania, hivyo mfalme aliyetawala wakati mawe yale yakipangwa alikuwa Felipe wa Pili. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yanayomtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Simama hapo uyanakili kwa mkono wako, herufi zilizochakaa na zote, halafu urudi nyumbani ujaribu kuyafasiri kwa kamusi. Ukiandika katika jibu la tatu ni neno gani lilikushinda na ulilifumbuaje, utakuwa umejibu swali hilo kwa tendo ulilolifanya. Usinakili mifano niliyoitoa hapa. Tafuta yako, kwenye ngome, jikoni, au kwa nyanya yako anayekumbuka maneno ambayo wewe huyatumii tena.

Barua ya mapendekezo huandikwa na mwalimu aliyekufundisha, si ndugu wala rafiki wa familia. Mwendee mapema, kwa heshima, umpe nakala ya maelezo yako pamoja na alama zako, maana mwalimu mwenye darasa la wanafunzi hamsini hawezi kukumbuka kila kitu kukuhusu.

Ada ya maombi hulipwa mara moja kwa chaguo zote, kwa kadi ya benki. Tarehe ya mwisho ya Oxford na Cambridge ni Oktoba 15, na ya kozi nyingine nyingi huwa Januari. Kwa walioomba kuanza 2026 ilikuwa Januari 14. Saa inayotajwa ni kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, ambayo Mombasa ni saa mbili usiku mwezi Oktoba na saa tatu usiku mwezi Januari. Usingoje usiku huo. Umeme na mtandao havina ahadi.

Majibu yakija, ofa yenye masharti itakutajia alama unazopaswa kuzifikisha. Utachagua chuo kimoja kuwa cha kwanza na kingine kuwa cha akiba. Kabla ya kukubali, kaeni na wazazi mhesabu karo ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo ni nzito, na uombe ufadhili wa chuo chenyewe kwa kuwa kila chuo kina utaratibu wake. Usipoteze muda na ufadhili wa Chevening kwa sasa, kwani huo ni wa shahada ya uzamili.

Nafasi ikithibitika, chuo kitakutumia namba ya CAS, ambayo ni uthibitisho kwamba kimekupokea, na kwa namba hiyo utaomba viza ya mwanafunzi, si zaidi ya miezi sita kabla ya masomo kuanza. Fedha za kuonyesha lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Utahitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, nacho hudumu miezi sita. Kwa wengi wetu hatua hizi zina maana ya safari ya Nairobi, basi panga miadi ya kliniki na ya kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza katika wiki moja, na ubebe vyeti halisi pamoja na ile hati ya kiapo ya majina.