Kitabu kimoja, watu saba: namna ya kuanzisha barza ya kusoma

Assalaam alaykum jamani. Watu wananiuliza sana khabari za ile barza yetu ya vitabu, wengine wanataka kuanzisha yao Mwanakwerekwe, wengine wako Pemba, na kila mmoja namtumia voisi ndefu peke yake, sasa naona bora niandike mara moja kila mtu asome kwa nafasi yake.

Sisi tuko saba, tunakutana Kikwajuni kila Alkhamisi baada ya Isha, na kitabu ni kimoja tu. Kimoja. Hilo nataka mulielewe mwanzo kabisa maana wengi wanakwama hapo, wanasema vitabu ghali, hatuwezi kununua saba. Hamuhitaji saba. Kila mtu anatia 2,000 kwa wiki kwenye kibubu, kwa mwezi inatimia 56,000, tunanunua kitabu na kinachobaki ni kahawa na kashata.

Tunasoma khasa riwaya na insha za wachapishaji huru, hizi kampuni ambazo si za serikali wala si tawi la kampuni kubwa la nje, wenyewe ndo wanaamua watoe nini. Sababu yangu ni hii. Kampuni nyingi za vitabu zinaishi kwa vitabu vya skuli, kwa vile skuli ndo soko la uhakika, sasa riwaya mpya ambayo haimo kwenye silabasi anaitoa mtu anayeipenda kweli na hajui kama pesa zake zitarudi. Tazama Abdulrazak Gurnah, kazaliwa hapa hapa Unguja 1948, kapata Nobel ya fasihi 2021, riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiingereza 1994, na sisi watu wa kwao tumeisubiri kwa Kiswahili mpaka 2022, miaka 28! Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, jina likawa Peponi, na walioitoa ni Mkuki na Nyota wa Dar, kampuni huru aliyoianzisha Walter Bgoya 1991. Kwa hiyo mukinunua kitabu kama hicho munamwezesha mtu kutoa chengine.

Sasa kabla hamujanunua, jueni kutofautisha mchapishaji na mchapaji, watu wanachanganya sana. Mchapaji ana mashine, ukimpelekea faili na pesa anakutolea kitabu hata kama kila ukurasa una makosa, si kazi yake kukisoma. Mchapishaji anasoma mswada, akiukubali anampa mwandishi mhariri, gharama anabeba yeye, mwandishi anapata mrabaha kwa kila kopi inayouzwa. Wapo walioandika vizuri wakalipa mchapaji wenyewe, siwadharau, ila barza ndo kwanza inaanza ikikutana na kitabu hakijahaririwa watu wanakimbia. Ukikishika kitabu dukani fungua ule ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, angalia mwaka, angalia kama mchapishaji katajwa, kama ni tafsiri basi mfasiri katajwa, halafu angalia ISBN, ile namba ndefu ya kukitambulisha kitabu. Ikiwa ni 978 kisha 9987 au 9976, imesajiliwa Tanzania, 9966 Kenya, 9970 Uganda, na vitabu vya kabla ya 2007 havina hiyo 978 mbele. Namba haikwambii kitabu kizuri au kibaya, inakwambia kimetoka wapi tu.

Kukipata: ulizeni madukani kwanza, kikikosekana mpigieni mchapishaji moja kwa moja, mulipe kwa simu na mtafute mtu anayevuka na boti kutoka Dar akichukue. Walio nje, London na kwengine, wako African Books Collective pale Oxford, hao wanauza vitabu vya wachapishaji wa Kiafrika.

Kuhusu kukaa, kila barza na watu wake. Yetu imechanganya wanaume na wanawake kwa hiyo tunakaa ukumbini kwa bi mkubwa mmoja ambaye kila mtu anamheshimu, mlango wazi, na watu wa nyumbani wakaridhika. Najua barza ya wanawake watupu wanakutana alasiri mapishi yakishatulia na inakwenda vizuri kuliko yetu. Ramadhani tunasimama. Umeme ukikatika tunatumia tochi ya simu, hatuvunji kikao.

Kusoma kwenyewe ndo penye kazi, na hapa nataka mutulie. Kitabu kinasomwa kwa sauti, kila mtu kurasa tatu halafu anampa wa kulia kwake. Msomaji asiigize sauti za watu, asome kama anavyosema, na akikosea neno asidakwe, mwacheni amalize sentensi. Asiyetaka kusoma anapitisha, bila kuulizwa kwa nini, kwa sababu wako watu wazima wana haya ya kusoma mbele za watu tangu skuli na mukimlazimisha harudi tena. Mtu yeyote anaweza kusema "rudi" na pale panarudiwa. Neno moja tu hilo, "rudi", ndo limetufundisha kusoma.

Nawapa mfano. Tulipokuwa na Peponi tukafika pale inapobainika kuwa yule kijana, Yusuf, tajiri kamchukua kwa deni la babake, msomaji akapita kwa kasi. Bi mkubwa akamwambia, "hebu rudi hapo mwanangu." Pakarudiwa. Akakaa kimya, anazungusha kikombe, kisha akasema, "mimi dhahabu yangu imeshawekwa rehani mara tatu, na kila mara naijua imekwenda kwa kiasi gani na nitaikomboa lini, huyu mtoto hajui hata kama yeye ndo kitu kilichowekwa." Basi kitabu kikafungwa, tukazungumza mpaka saa tano usiku juu ya watoto waliopelekwa kukaa kwa jamaa mjini wakajikuta wanafanya kazi za ndani, na kila mmoja pale alikuwa anamjua mmoja. Siku ile tulisoma kurasa tano tu. Hakuna hasara, musihesabu kurasa.

Swali ambalo nakuombeni musiulize ni "tunapata mafunzo gani hapa". Wengi wetu fasihi tumesomeshwa kwa fani na maudhui, dhamira, ujumbe, wahusika, orodha ya kujibia mtihani, na mtu anaingia barzani na orodha ileile. Ulizeni mambo madogo: huyu kwa nini hakujibu alipoulizwa? Kwa nini sura imeishia mlangoni? Neno hili kwetu tunalisema hivi? Hilo la mwisho peke yake linawasha barza, sisi tuna mtu wa Makunduchi na mtu wa Tumbatu, tumeweka daftari la maneno na sasa linakaribia kujaa.

Insha nazo anzeni mapema, hata kabla ya riwaya, ni fupi, inamalizika kikao kimoja. Ila ukisema insha mtu anakumbuka utangulizi, kiini, hitimisho na mstari mwekundu wa mwalimu. Hizi siyo hizo. Hapa mtu anafikiri mbele yako, anaweza kuanza na jambo moja akaishia kwengine kabisa na asikwambie ushike nini. Mwenzetu mmoja wa Wete alijaribu kuandika yake akatusomea. Ilianza ni malalamiko ya bei ya karafuu. Kisha akaingia kwenye usiku wa kuchambua, watu wamekaa juu ya mkeka, karafuu huku makonyo kule, vidole vimekuwa vyeusi na ile harufu haitoki hata ukitia mkono kwenye wali, na pale pale akaandika kwamba hakumbuki kumuona mamake amekaa juu ya kiti. Bei hakuirudia tena. Sisi tukamuuliza jambo moja tu, insha yako imehama wapi? Akatafuta kwa kidole, akaionesha, ni pale kwenye vidole. Fanyeni hivyo kwa kila insha mutakayosoma, tafuteni inapohamia, na kama haihami popote semeni pia.

Jengine, naomba sana, PDF. Mwaka jana kuna mtu alikipiga picha kitabu chetu chote akakirusha kwenye magrupu, kwa nia nzuri wallahi, anasema anaeneza elimu. Niliumia. Mchapishaji mdogo anatoa kopi chache, akiona haziuzwi hachapishi tena na mwandishi wetu anarudi kukaa na mswada wake kabatini. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki tangu 2003 na iko COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya hapa, kwa ajili hiyo, lakini mimi sitaki tufike huko, nataka tuazimane. Kitabu kimoja kusomwa na watu saba, kisha na saba wengine, hiyo ni halali na hakuna anayedhulumiwa.

Na ndo tunavyofanya. Kikimalizika tunaandika majina yetu kwa penseli ndani ya jalada la nyuma na tarehe, kinafungwa kwenye mfuko wa nailoni kisiingie maji, kinapewa mtu anayekwenda Pemba. Cha mwisho kimeondoka Jumamosi na boti ya Mkoani, kule Chake kuna watu watano wanakisubiri, na sisi Alkhamisi tunaanza kitabu cha insha, zamu ya kufungua ni ya yule aliyekuwa anapitisha kila siku, mwenyewe kaomba.