Ticha mwenye ratiba iliyobana, fanya hivi upate muda wa kupumzisha akili

Walimu wenzangu habari za majukumu. Hii nawaandikia hasa wa shule za msingi, wewe mwenye darasa la watoto 80 au 90, vipindi toka asubuhi, remidio (vipindi vya ziada) ya darasa la saba mchana, halafu unafika nyumbani kuna watu wanasubiri kula. Mtu akikwambia tu "pumzika mwalimu" unaona hajui anachosema. Mimi naamini hakuna siku kazi hii itaisha ikakuachia lisaa la bure, kwahiyo muda wa akili inabidi uutoe humohumo ndani ya kazi na uupangie kama unavyopanga kipindi cha hisabati. Nawaelekeza navyofanya.

Hatua ya 1: Jua umechoka nini

Miguu ikichoka kwa kusimama ubaoni unalala unaamka mzima. Akili ikichoka unaamka umechoka vilevile. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, wanasema uchovu wa hivi wenyewe hauhesabiwi kama ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu, na wanataja mambo matatu, nguvu kuisha, moyo kuhama kwenye kazi, na kuona unachofanya hakina tija. Kwa mwalimu naona hilo la pili ndo huanza kujionesha, mtoto anauliza kitu cha kawaida kabisa, "mwalimu turuke mstari?", unajikuta umemfokea mpaka darasa zima limenyamaza. Ukiona hivo usisubiri likizo ya Juni.

Hatua ya 2: Tafuta kipindi kitupu

Chukua ratiba yako ya wiki, zungushia duara vipindi vyote ambavyo huna darasa. Kipindi kimoja, kuanzia darasa la tatu, ni dakika 40. Vingi vitaenda kwenye andalio la somo na kusahihisha, sawa, ila chagua kimoja kwa siku kiwe chako, na kama ratiba imekaba kabisa chukua hata nusu yake. Halafu mwambie mwalimu unayekaa naye karibu, "saa tano na nusu sipo", maana usiposema utaitwa ukashike darasa la mtu. Na usikae stafu (ofisi ya walimu) tafadhali, stafu kuna stori za mikopo, nani kapanda daraja nani kaachwa, unatoka pale umechoka kuliko ulivyoingia. Chini ya mwembe, stoo ya vitabu, popote ambapo hauonekani kirahisi.

Hatua ya 3: Punguza madaftari (hapa ndo muda ulipo)

Tupige hesabu. Madaftari 90, kila moja dakika moja tu, ni lisaa limoja na nusu kwa somo moja, na una masomo matatu. Ndo maana tunabeba mafurushi kwenda nayo nyumbani. Mimi nafanya hivi, zoezi linakuwa na maswali matano badala ya kumi, watoto wakiwa wanaandika napita na peni nyekundu kati ya madawati nasahihisha waliomaliza palepale walipokaa, natia tiki huku namuelekeza. Waliobaki wanabadilishana madaftari na jirani, naandika majibu ubaoni, wanasahihishana kwa penseli, na mimi nachukua safu moja tu ya madawati kwenda kuipitia vizuri. Kesho safu nyingine. Mpaka Ijumaa nimeona daftari la kila mtoto kwa macho yangu, na safu moja ukiisoma kwa utulivu unagundua kosa linalojirudia, mfano kutoa kwa kukopa, kitu ambacho kwenye madaftari 90 ya haraka huwezi kukiona. Ila ongea na mwalimu wa taaluma kwanza akuelewe, ili siku wakaguzi wakija wasishangae.

Hatua ya 4: Sasa pumzika kweli

Simu iache kwenye droo. Dakika za mwanzo akili itakuletea kila kitu, ripoti ya zamu, ada ya mtoto wako, yule mwanafunzi asiyekuja tangu Jumatatu. Kuwa na karatasi, kila kinachokuja kiandike neno moja kisha ikunje. Kunywa maji, usiongee, koo nalo linahitaji. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6, rudia mpaka uone mabega yameshuka. Mwenye sala yake asali bila kukimbizana na kengele. Ukisinzia kidogo hakuna dhambi.

Hatua ya 5: Magrupu ya WhatsApp

Usiku saa tatu linaingia tangazo, "takwimu za mahudhurio zinahitajika haraka", na usingizi umeondoka. Muombe mwalimu mkuu kwa heshima kwamba jambo la dharura akupigie, basi grupu lizime sauti kuanzia saa mbili mpaka alfajiri. Wakuu wengi wanaelewa ukiwaeleza mapema.

Wiki ya zamu hayo yote ni magumu, unafika kabla ya kengele, paredi, usafi, uji, kitabu cha zamu, kwahiyo wiki hiyo usipange jaribio lolote la kusahihisha, lisogeze. Kipindi chako kilinde hata kikibaki dakika kumi.

Na kama umefanya haya wiki mbili tatu bado usingizi haupatikani, unalia bila sababu, au unawaza kujidhuru, hiyo imeshapita ratiba, na hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja. Nenda hospitali ya wilaya, sema wazi kwamba ni akili imechoka, usiseme kichwa kinauma, maana utapewa panadol urudishwe nyumbani. Kadi ya bima ikague kabla hujatoka, na mtu mmoja unayemuamini aende na wewe.